SOMO: Kulifuata neno "chimpanzee" hadi pwani ya Loango

Wiki iliyopita ndani ya daladala kijana mmoja alikuwa anambana mwenzake: "Chimpanzee ni Kiswahili hicho! Ki-mpenzi. Wazungu walishindwa kutamka tu." Abiria tukacheka, konda akamuunga mkono. Kijana alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua, ila aliteleza pale pale tunapoteleza wengi. Tufuate neno hili, jina la Kiingereza la sokwe, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Anza na maandishi, sauti baadaye.
Kwa Kiingereza neno hili linaonekana mwaka 1738, katika jarida la London Magazine. Habari yenyewe ni fupi: meli iitwayo Speaker imefika ikitokea Carolina, na ndani mna mnyama jike aliyekamatwa msituni Guinea, ambaye watu wa Angola humwita "chimpanze". Kabla ya hapo majina yalikuwa ya kubabaisha. Daktari Edward Tyson wa London alimpasua sokwe mchanga, akatoa kitabu mwaka 1699, na humo akamwita "orang-outang". Hilo ni la Kimalay: orang ni mtu, hutan ni msitu. Na mnyama mwenye jina hilo anaishi Borneo na Sumatra, visiwa vya Asia!

Hatua ya 2: Uliza meli zilipitia wapi.
Wazungu wa karne ile waliposema "Angola" mara nyingi walijumlisha na Loango, pwani iliyo kaskazini mwa mdomo wa mto Kongo, ambako meli za watumwa zilipakia. Wenyeji wa hapo ni Wavili, na katika Kivili kuna ci-mpenzi (hiyo c isome ch). Kamusi nyingine hutaja Kiluba cha Kasai, chimpenze. Mimi naegemea Kivili. Kasai iko mbali na bahari, tena kusini mwa mto Kongo, na kusini mwa mto huo wanaishi bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe; sokwe wetu hawa hawapo. Msitu wa Mayombe, mgongoni mwa Loango, wamo.

Hatua ya 3: Tenganisha kiambishi.
Ci- ni ndugu wa ki- yetu, ngeli ya KI-VI. Sisi tunasema Kiswahili, wenzetu Chichewa, Waswahili wa Barawa Chimiini. Hata sisi ki- ikikutana na irabu inageuka: chakula, choo, chumba. Kwa hiyo "chim" ya Waingereza imebeba kiambishi cha Kibantu bila wao kujua.

Hatua ya 4: Ipime maana unayopewa.
Utasoma kwamba neno lina maana ya "mtu wa kuigiza". Maelezo hayo yaliongezwa na jarida lile lile la 1738, na tangu hapo yananakiliwa. Ukikutana na "kivili-chimpenze" likitafsiriwa hivyo, shtuka: Kivili ni jina la lugha, limegandishwa kwenye neno.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa sekondari: Mkuu, kwa hiyo "mpenzi" haimo kabisa? Nimeshawafundisha wanafunzi.

Jibu: Haimo, mwalimu wangu. Mpenzi ni penda, ile d imegeuka z kama linda ilivyozaa mlinzi. Halafu ki- ikija, m- ya mtu huondoka: mtoto, kitoto. Ndiyo maana tuna *kipenzi*. "Kimpenzi" umewahi kumsikia nani akisema?

Mwanachama, Tanga: Huku kwetu chimpanzee tunaita nyani tu. Kuna ubaya?

Jibu: Upo kaka, maana nyani ana mkia na anakuibia mahindi shambani. Sokwe hana mkia, na kwa Tanzania ili umwone porini itabidi uende magharibi, Gombe au Mahale.

Mwanafunzi wa baiolojia: Na Pan troglodytes je?

Jibu: Pan ni mungu wa porini wa Wagiriki, nusu mtu nusu mbuzi. Mwanasayansi Mjerumani Lorenz Oken ndiye aliyelitoa, 1816. Troglodytes, yaani wakaaji wa mapangoni, ni la Mjerumani mwingine, Blumenbach, 1775. Huyo bwana alikosa shabaha: sokwe hujitengenezea kiota cha matawi juu ya mti kila jioni.

Mwanachama, Kigoma: Shikamoo mwalimu. Wazungu tunawacheka kwa "mtu wa kuigiza", lakini sisi tunasema "sokwe mtu". Tofauti iko wapi?

Jibu: Marahaba. Hapo umenikamata. Niongeze moja tu: Livingstone alipokuwa Manyema, ng'ambo ya ziwa lenu, mwaka 1870, aliandika kwamba wenyeji wanamwita "soko". Waulize wazee wa Kimanyema hapo Ujiji wanalitamkaje, kisha rudi utuambie.