Ngumi kwa anayeishi na Parkinson: anza na miguu

Wengi wanaokuja kwangu kwa mara ya kwanza hukimbilia glavu. Huwaomba waziweke kando kwanza, tuangalie miguu. Ninafundisha ngumi watu wanaoishi na ugonjwa wa Parkinson, baada ya miaka mingi ya kufundisha vijana waliotaka kupanda ulingoni, na kama kuna jambo moja ninalotaka ulishike ni hili: faida ya zoezi hili haiko kwenye uzito wa ngumi. Iko kwenye kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kugeuza kiuno, kunyoosha mkono hadi mwisho wake, na kutamka kwa sauti kile unachofanya.

Parkinson hupunguza ukubwa wa kila tendo. Seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza miondoko, hufa polepole, na dopamini ikipungua hatua huwa fupi, mikono haiyumbi tena mtu anapotembea, mwandiko unakuwa mdogo, sauti inashuka. Mara nyingi mwenyewe haoni tofauti. Anaamini amenyoosha mkono wote, kumbe kiwiko bado kimekunjwa. Ngumi inampa shabaha: begi la kupigia ngumi liko pale, ama umelifikia ama hujalifikia.

Hakuna anayepigwa

Familia huuliza hilo kabla hata hawajakaa, na wana haki. Muhammad Ali alipigana mara ya mwisho Desemba 1981, na mwaka 1984 akaambiwa ana Parkinson, watu hawajasahau. Kupigwa kichwani mara kwa mara kunadhuru ubongo, na ndiyo maana hapa hakuna mpinzani. Unapiga begi, unapiga pedi anazoshika mwalimu mikononi, unapiga hewa. Scott Newman, aliyekuwa mwendesha mashtaka huko Indiana, Marekani, aligundulika na ugonjwa huu akiwa na miaka 40. Alianza kufanya mazoezi ya kibondia na rafiki yake, akaona mwili unaitikia, na mwaka 2006 akaanzisha Rock Steady Boxing mjini Indianapolis. Ni mazoezi yote ya bondia, bila pambano.

Wala tusidanganyane. Ngumi hairudishi seli zilizokufa na haichukui nafasi ya dawa. Usipunguze kidonge hata kimoja kwa sababu umeanza kujisikia vizuri. Hilo ni la kuzungumza na daktari wako.

Kabla ya siku ya kwanza

Muone daktari anayekutibu, umwambie waziwazi unataka kuanza nini. Muulize kuhusu moyo, presha, mabega, shingo, na uimara wa mifupa yako. Kama umewekewa kifaa cha kusisimua ubongo, muulize ni miondoko gani uikwepe. Ukiwa umeanguka hivi karibuni, mtaalamu wa tiba ya viungo akupime kwanza mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama bila kuyumba, maana jibu lake litaamua kama utaanza umesimama au umekaa.

Kisha jua saa yako. Kwa wengi wanaotumia levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, nguvu yake huanza kufanya kazi kati ya nusu saa na saa moja baada ya kumeza, ila kila mtu ana mwendo wake. Andika kwa siku chache: nimemeza saa ngapi, mwili umelegea saa ngapi, umeanza kukakamaa tena saa ngapi. Panga mazoezi katikati ya kipindi kile kizuri. Mama mmoja darasani kwangu alikuwa akija wakati dozi yake ya asubuhi imekwisha nguvu. Kila hatua ilikuwa vita. Tuliposogeza muda wake, alipiga raundi zake zote akiwa amesimama.

Viatu visiwe na soli inayonata mno. Mtu anayeburuta mguu akivaa soli nzito ya mpira, mguu hung'ang'ania sakafu huku kiwiliwili kikiendelea mbele, na hapo ndipo watu huanguka. Ondoa mazulia na nyaya. Weka karibu kiti kizito kisicho na magurudumu, na maji. Bandeji za mikono zinahitaji vidole vyepesi, na vidole ndivyo vinavyosumbua. Hata hivyo mimi humwacha mtu ajifunge mwenyewe, hata ikichukua dakika 10, kwa sababu kupitisha kitambaa kati ya vidole ni zoezi kamili. Anayemsaidia asimnyang'anye kazi hiyo.

Kusimama

Bondia wa kawaida hufundishwa kuinamisha kidevu, kukunja mgongo kidogo na kujificha nyuma ya mabega. Kwa mwenye Parkinson sitaki hata kimoja kati ya hivyo. Mwili wake tayari unavutwa mbele. Simama wima, kifua wazi, macho yatazame mbele badala ya sakafu. Mwalimu yeyote anayekuinamisha kama anavyowainamisha vijana wake, muombe akubadilishie.

Baada ya dakika 10 au 15 za kupasha mwili joto, kwa kuzungusha mabega, kugeuza kiwiliwili kushoto na kulia na kufungua viganja mpaka vidole vitanuke kabisa, weka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma. Nafasi kati yao iwe upana wa mabega, magoti yalegee. Usipige kitu. Hamishia uzito mguu wa mbele, kisha wa nyuma, mpaka kisigino cha mguu usio na mzigo kiinuke kidogo. Endelea hivyo dakika 2. Watu huona ni kupoteza muda. Kwangu mimi ndicho kipande chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu miguu inapoganda mlangoni au kwenye kona, kinachokwama ni huko kuhamisha uzito. Aliyezoea kuuhamisha uzito kwa makusudi ana njia ya kujikwamua: anasimama kabisa, anapumua, anayumba kushoto na kulia, anahesabu moja, mbili, tatu, halafu anapiga hatua kubwa. Wewe uliye naye usimvute mkono. Ukimvuta, kiwiliwili kitakuja na miguu itabaki.

Hatua za kwenda mbele na za pembeni zifanywe kubwa, kisigino kikitangulia unapokwenda mbele. Ukihitaji kugeuka, usijizungushe juu ya mguu mmoja. Tembea duara pana, hatua baada ya hatua. Hatua ya kurudi nyuma ni hatari kwa wengi, kwa kuwa mwili hushindwa kujizuia ukishaanza kwenda kinyumenyume. Ifanye tu ukiwa na ukuta nyuma yako na mtu pembeni, hatua moja moja.

Ngumi zenyewe

Tunaziita kwa namba. Moja ni ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele, mbili ni ya kunyooka ya mkono wa nyuma. Tatu na nne huzunguka kutoka pembeni, tano na sita hupanda kutoka chini. Mkono wa mbele hupewa namba isiyogawanyika kwa mbili. Wiki za mwanzo moja na mbili zinatosha.

Piga moja mpaka kiwiko karibu kinyooke, bila kukikaza kwa nguvu, kisha rudisha ngumi shavuni. Kurudi ni nusu ya zoezi, na ndiko watu hulala. Katika mbili, nyonga na bega la nyuma vizunguke pamoja, kwa sababu kiwiliwili kilichokakamaa ndicho kinachofanya mtu ashindwe kujigeuza kitandani usiku. Kila ngumi iitwe jina lake kwa sauti inayofika mwisho wa chumba. "Moja! Mbili!" Nina mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mkewe alikuwa akimwomba arudie kila sentensi. Leo yeye ndiye anayetuhesabia darasa zima.

Mkono unaotetemeka unaweza kutetemeka zaidi ukichoka au ukisisimka. Usiogope; kwa kawaida hutulia ukipumzika.

Begi linaloning'inia hurudi kwa kasi na linaweza kukusukuma, kwa hiyo mtu alishike kwa nyuma, ama anza na pedi. Mkizoea, mwalimu ataje mfululizo: moja, mbili, moja. Baadaye ataje mfululizo mrefu, asubiri kidogo, ndipo mshiriki aupige kwa kumbukumbu. Hapo kichwa na miguu vinafanya kazi pamoja, jambo ambalo Parkinson hulifanya kuwa gumu. Miguu ikianza kuchanganyikiwa, ondoeni jambo moja. Usalama wa miguu kwanza, kumbukumbu baadaye.

Anza na raundi za dakika 1, mapumziko dakika 1. Ukizoea nenda dakika 2, halafu 3 kama za ulingoni. Kipimo changu ni maneno: unapopiga uweze kusema sentensi fupi, lakini usiweze kuimba. Ninapenda kipimo hicho kuliko kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha huyazuia yasipande. Kwa wiki nzima, mashirika mawili ya Marekani, Parkinson's Foundation la ugonjwa huu na American College of Sports Medicine la tiba ya michezo, yanashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani hadi makali, na ngumi ni sehemu tu ya hizo. Kutembea na kuinua uzito vina nafasi yake.

Usiyeweza kusimama, kaa kwenye ukingo wa kiti, nyayo zote chini, mgongo bila kuegemea, na upige yale yale ukigeuza kiwiliwili. Ni ngumi kamili, nami huzidai zikiwa kubwa na zenye sauti.

Simamisha kila kitu ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi hata baada ya kupumzika. Parkinson pamoja na dawa zake vinaweza kushusha presha ghafla unapoinuka, hivyo inuka kwa awamu: kaa, subiri, simama, subiri, ndipo uondoke.

Siku usizotaka kwenda

Zitakuja, na si uvivu. Upungufu wa dopamini huiba hata hamu ya kuanza jambo. Familia nyingi hugombana hapa kwa kutojua. Kubishana na hamu hakusaidii. Saidia kuweka siku na saa zisizobadilika na mtu wa kwenda naye. Wanaokuja kwangu wawili wawili ndio hudumu. Siku ambayo mwili umegoma kabisa, fanya zile dakika 2 za kuhamisha uzito ukiwa karibu na ukuta, piga moja na mbili mara 20 ukiwa umekaa, na umjulishe mwenzako kwamba umefanya.

Ukitafuta mwalimu, muulize amewahi kufundisha wenye Parkinson, nani husimama nyuma ya mshiriki mwenye mizani dhaifu, na anafanya nini mtu akianguka. Mwalimu mzuri atakuonyesha jinsi ya kuinuka sakafuni: kugeuka ubavu, kupiga magoti na mikono, kutambaa hadi kwenye kiti, kuweka mguu mmoja chini, kupumzika, kisha kujisukuma juu. Akikuambia utapigana kidogo na mwenzako ili uzoee, chukua bandeji zako utafute mwingine.