Namna ya Kuandika Historia ya Kanisa la Baptisti la Kijijini

Wamisionari wa Kianglikana walifika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda katika Uganda ya leo, mwaka 1877, na mapadri wa Kikatoliki wakawafuata mwaka 1879. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, ambao walikuwa wameanza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956, waliingia Uganda mwaka 1962, mwaka wa uhuru. Kwa hiyo kijana aliyezamishwa mtoni katika ubatizo wa miaka hiyo ya mwanzo leo ni mzee, lakini huenda yu hai na anakumbuka. Anayetaka kuandika historia ya kanisa la namna hii aanze na watu hao, na asingoje mwaka ujao.

Kuna sababu nyingine ya kuanzia kijijini. Kila kanisa la Kibaptisti hujitawala lenyewe, wala halina askofu juu yake, kwa hiyo usitarajie kukuta daftari za ubatizo na kumbukumbu za vikao zimehifadhiwa katika ofisi ya dayosisi. Mtafute aliyekuwa katibu, na kama amefariki, nenda kwa heshima kwa mjane wake au watoto wake, ukifuatana na shemasi wanayemfahamu. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, karibu na dirisha, hata kurasa za hesabu ya sadaka, kisha urudishe daftari palepale ulipolipewa.

Unapozungumza na wazee, mpe kila mmoja nafasi ya kusimulia peke yake kwanza, kwa lugha anayoizoea, iwe Lusoga, Ateso au Runyankole, kwa kuwa wakikaa pamoja wadogo humwachia mkubwa maneno yote. Waulize akina mama kwa makini zaidi: ni nani aliyewapikia wageni, ni nani aliyesomba maji na udongo wa kukandika kuta, ni nyumba ya nani iliyotumika kwa ibada kabla ya jengo kuwapo. Historia nyingi za makanisa humtaja mmisionari katika sentensi ya kwanza na kumsahau aliyemkaribisha, na kwangu huo ni upungufu mkubwa.

Usimlazimishe mtu kutaja mwaka. Mwulize kama jambo lilitokea kabla ya falme kufutwa mwaka 1967, au baada ya Amin kutwaa madaraka Januari 1971, au wakati Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, kisha ulinganishe jibu lake na umri wa mtoto wake aliyezaliwa wakati huo.

Kipindi cha mwaka 1977 kinahitaji subira ya pekee. Mwezi Septemba mwaka huo serikali ya Amin ilipiga marufuku madhehebu 27, ikawaachia uhuru wa kuabudu Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, na hali hiyo ikaendelea hadi utawala huo ulipoanguka Aprili 1979. Ukikuta daftari halina neno lolote kwa miezi hiyo, usiandike kwamba kanisa lilikufa. Uliza ibada zilifanyika wapi, ni nani aliyeficha Biblia na vitabu vya nyimbo, na ni nani aliyejiunga na kanisa lililoruhusiwa kisha akarudi. Asiyetaka jina lake liandikwe, liache.

Hati ya kiwanja nayo isomwe kwa jicho kali. Mabaraza ya RC (Resistance Councils, mabaraza ya wananchi kuanzia ngazi ya kijiji) yalienea baada ya Museveni kutwaa madaraka Januari 1986, na jina la LC (Local Councils, mabaraza ya mitaa) likaja baadaye, chini ya katiba ya 1995. Kwa hiyo karatasi inayodai kuandikwa mwaka 1968 huku ikiwa na muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, iliandikwa upya au ina kasoro. Makubaliano ya zamani yalishuhudiwa na majirani au chifu wa eneo, na katika Buganda ni lazima pia ujue kama kanisa lilipewa kibanja, yaani haki ya kukaa na kutumia ardhi ya mwingine, au liliuziwa ardhi ya mailo yenyewe, yaani ardhi ya kumilikiwa kwa hati.

Upande wa wamisionari, maktaba ya historia ya Wabaptisti wa Kusini iliyoko Nashville, Tennessee, inaweza kuandikiwa barua. Taja jina la kijiji kwa tahajia zote zilizowahi kutumika.

Kama kanisa liligawanyika, andika maelezo ya pande zote mbili, kila moja likijitegemea. Kabla ya kuchapa, soma rasimu nzima mbele ya ushirika baada ya ibada, ukiwa na kalamu mkononi, na upeleke nakala moja kwa waliohama.