Usimfuate mwimbaji, fuata besi

Kwenye kumbi za harusi Mtwara na Lindi, rumba ikipigwa wengi hukanyaga kwa kufuata maneno ya wimbo. Hapo ndipo miguu inapopotea, maana mwimbaji huwahi au huchelewa apendavyo. Besi, lile gitaa la sauti nzito, haina mbwembwe. Mshike mwenzako, simameni palepale mkihamisha uzito kushoto, kulia, hesabu moja hadi nne mara mbili, ndipo mpige hatua. Anayeongoza aweke kiganja mgongoni, chini kidogo ya bega, bila kukandamiza. Ukitaka kugeuka, anza na kifua. Mkono utafuata wenyewe. Ukivuta mkono tu, mwenzako atayumba na vidole vyako vitakanyagwa. Sebene likiingia, yaani ile sehemu ya magitaa yenye kasi, fupisheni hatua. Na kwa joto letu la pwani, jamani, leso mfukoni!