Jinsi ya kutumia maoni ya watazamaji kuboresha video ya muziki ya wanafunzi

Ninasimamia wanafunzi wa utayarishaji wa video, na mfano wangu ni kikundi cha wanafunzi wanne waliotengeneza video ya wimbo wa singeli, muziki wa kasi wa mitaani, hapa Dar es Salaam. Kazi yao iliokolewa na watu sita waliokaa kuitazama.

1. Ionyeshe ikiwa bado mbichi. Picha zikishapangwa na wimbo ukakaa mahali pake, inatosha. Rangi na majina ya washiriki visubiri. Ukishakesha usiku mzima ukirekebisha rangi ya shoti (kipande kimoja cha picha kabla haijakatwa kwenda nyingine), utaona uchungu kuiondoa hata kama haifai.

2. Chagua watazamaji. Wanafunzi wenzako wa darasani waache. Tafuta anayecheza singeli kila kwenye kigodoro (sherehe ya mtaani ya usiku), asiyeipenda kabisa, na mtu mzima wa mtaani. Watano au sita wanatosha kwa duru moja. Wengine wabakize kwa duru ya pili, maana aliyekwisha kuiona hawezi tena kuitazama kwa macho mapya.

3. Kagua vifaa kwanza. Spika ya bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti, kwa hiyo watu watalalamika kwamba midomo haiendi na maneno wakati uhariri wako hauna kosa. Tumia hedifoni za waya. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikienda kama video ya kawaida hubanwa, na picha za usiku hugeuka vigaevigae.

4. Nyamaza, tazama watu. Usieleze chochote kabla. Shika daftari, andika dakika na sekunde: kichwa kilianza kutikisika lini, kiliacha lini, nani alichungulia simu yake. Kwangu mimi hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote, na ndiyo wanafunzi wengi wanayoiruka.

5. Ndipo uulize. Ukiuliza "umeipenda?", utajibiwa "nzuri, hongereni", kwa sababu watu wetu wana adabu. Sema: "Nisimulie ulichokiona." Kisha: "Ungekuwa peke yako, ungeiacha wapi?"

6. Tenganisha maumivu na dawa. Mgonjwa anajua panapomuuma. Kuchagua dawa ni kazi ya mganga. Wanne kati ya wale sita walisema video inachosha kuanzia sekunde ya 40. Mmoja akashauri wachezaji waongezwe, mwingine akataka mavazi yang'ae. Tulirudi kwenye kompyuta tukapiga hesabu. Wimbo ulikuwa na mapigo 200 kwa dakika, yaani pigo moja kila sekunde 0.3, na vijana walikuwa wanabadilisha picha kila pigo. Kwa fremu 25 (picha tuli zinazounda video) kwa sekunde, kila shoti ilipata fremu saba au nane tu. Jicho halijaushika uso wa mchezaji, tayari umeondoka. Tukaanza kukata kila baada ya mapigo manne, sekunde 1.2, na kwenye kiitikio tukaiacha shoti moja ya mnenguaji ikae mapigo 16, karibu sekunde tano. Hatukuongeza mchezaji hata mmoja. Duru ya pili, vichwa vilitikisika mpaka mwisho.

7. Weka kumbukumbu kwa ajili ya ripoti. Chora jedwali: maoni, sekunde, aina ya mtazamaji, mlichobadilisha, sababu. Yale mliyoyakataa yaandikeni pia. Mama mmoja alitaka wimbo upunguzwe kasi. Vijana walimshukuru lakini hawakufuata, kwa kuwa kasi ndiyo singeli yenyewe. Hata hivyo alisema pia kwamba hakusikia neno hata moja, na hapo alikuwa na haki, hivyo beti zikawekewa maandishi chini ya picha.

Toleo la kwanza msilifute. Lihifadhini kwenye faili lake lenye tarehe, mtahini alitazame sambamba na la mwisho.