Monita zako za studio zinataka waya gani, na unachomekaje

Kabla hujatoa hela geuza monita (zile spika zako za studio) uangalie matundu ya nyuma, geuza na saundi kadi uangalie ya kwake, piga picha zote mbili na simu ndo uende dukani. Maana ukifika Kariakoo au pale Luthuli Avenue, Nairobi, ukasema tu "nipe waya wa spika za studio" muuzaji atakupa kilicho karibu na mkono wake, na mara nyingi ni waya wa maiki au ule mwekundu na mweusi wa spika za kawaida, na yote miwili siyo.

Huo mwekundu na mweusi tuumalize fasta. Monita nyingi tunazotumia majumbani, HS5 za Yamaha, Rokit za KRK, 305P za JBL, zina amplifaya humo humo ndani, kwa hiyo kinachopita kwenye waya ni sauti ikiwa bado ndogo kabisa haijakuzwa, na sauti ndogo inahitaji waya wenye wavu wa shaba umeizunguka ili kelele za nje zisiingie. Waya wa spika hauna huo wavu. Weka pembeni.

Sasa matundu. Nyuma ya Scarlett 2i2, saundi kadi ya Focusrite, kuna matundu mawili ya jeki kubwa, ile ya milimita 6.35, na ni ya balansi. Jeki ya balansi (wanaiandika TRS) utaijua kwa mistari miwili ya plastiki kwenye chuma chake, ile ya gitaa (TS) ina mmoja tu. Ukichomeka ya mstari mmoja sauti itatoka, sikatai, ila balansi umeshaipoteza na ndo kitu ulicholipia kwenye saundi kadi. Balansi inafanya kazi hivi: ndani ya waya kuna nyaya mbili zinabeba sauti ile ile ila moja imegeuzwa kinyume, kelele ikiingia njiani inazipiga zote mbili sawasawa, zikifika kwenye monita inatoa hii kwa ile, kelele inajifuta yenyewe sauti inabaki. Ndo maana waya wa balansi unaweza kwenda mita kumi na zaidi bila shida, huu mwingine usio wa balansi ukipita mita tatu hivi unaanza kutafuta matatizo.

Upande wa monita, HS5 ina tundu la XLR (lile la duara la pini tatu, kama la maiki) na la jeki, unatumia moja tu kati ya hayo. Rokit 5 za G4 (toleo la nne) zina tundu moja linalopokea vyote viwili. Kwa hiyo njia rahisi kuliko zote ni nyaya mbili za TRS kwenda TRS, kushoto na kulia, umemaliza, na huna haja ya kusoma aya inayofuata.

Ukikosa ukaamua XLR, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Tundu la XLR kwenye monita ni jike, kwa hiyo mwisho wa waya unaoingia pale lazima uwe dume, wenye pini tatu zinazoonekana. Waya unaouzwa kwa wingi madukani ni XLR jike kwenda jeki, huo ni wa maiki, ule upande wa jike unaingia kwenye makalio ya maiki, ukifika nao nyumbani haukai popote kwenye monita, na juu ya hapo jeki yake kwa kawaida ni ya mstari mmoja. Mwambie muuzaji "XLR dume kwenda TRS", asipoelewa muoneshe ile picha.

Wenye saundi kadi ya Behringer UM2, ile yenu inatoa sauti kwa RCA, pini za deki zile nyekundu na nyeupe, na hakuna balansi hapo hata ununue waya wa bei gani. Chukua RCA kwenda jeki ya TS, mfupi kadri meza inavyoruhusu, usiwe na ndoto nyingine.

Halafu kuna hili linalochanganya watu sana. Usitoe sauti kwenye tundu la hedifoni kwa waya mmoja wa stereo ukaingiza kwenye tundu la balansi la monita. Tundu la hedifoni linatoa kushoto na kulia kwenye waya mmoja, monita inadhani ni balansi, inatoa kulia kwenye kushoto, na kila kilichopo katikati ya wimbo kinajifuta. Muimbaji anapotea, kiki (ngoma ya chini) inapotea, kinabaki kimwangwi kinachoelea, na mtu anaanza kulaumu monita mpya. Kama huna saundi kadi na unatoa kwenye laptopu, nunua ule wa Y, jeki ndogo upande mmoja na TS mbili upande wa pili.

Kuhusu ubora, dhahabu kwenye plagi haiongezi besi, na unene wa mpira wa nje haukuambii chochote, mwingine ukiuchana unakuta nyaya kama uzi na wavu wa kuhesabika. Mimi naona bora kumpa fundi akulehemie kwa waya wa Canare au Mogami na plagi za Neutrik kama zinapatikana orijino, na ukinunua wa dukani pima na mita ya umeme kabla hujaondoka: ncha kwa ncha (kipande cha mwisho wa jeki), shingo kwa shingo (kile cha katikati ya mistari miwili), mwili kwa mwili (kinachobaki) ipige mlio, na ukigusisha ncha na mwili isilie. Kwenye XLR pini 1 ni mwili, 2 ni ncha, 3 ni shingo. Mita ya bei poa kabisa inatosha.

Kuunga sasa. Zima kila kitu, sauti ya saundi kadi ishushe hadi sifuri. Tundu la kutokea namba 1 liende monita ya kushoto, 2 ya kulia. Washa saundi kadi kwanza, monita mwisho, na siku ya kuzima monita ndo ziwe za kwanza, vinginevyo zitapiga ule mshindo wa "tup" na tweeter (spika ndogo za sauti za juu) hazipendi. 305P zina swichi nyuma ya +4 na -10, ukitumia balansi weka +4, ukitoka kwenye RCA weka -10. Kisha piga wimbo mmoja kwa mono (sauti ile ile kushoto na kulia): muimbaji akae katikati kabisa. Akiwa kama yuko nyuma ya kichwa chako na besi imekonda, waya mmoja umelehemiwa kinyume.

Monita ikikoroma, umeme wetu ni wa hezi 50 na mkoromo wake ni mzito wa chini. Chomoa waya wa sauti kwenye monita, ikinyamaza ujue kelele inakuja kwa waya. Toa chaja ya laptopu itumie betri usikie, mara nyingi ule mluzi wa juu unaobadilika ukisogeza mausi unaondoka hapo hapo. Laptopu na monita zote zichomeke kwenye ekstensheni moja, nyaya za umeme zisilale sambamba na za sauti, zikilazimika kukutana zikatize kama msalaba. Kuna mafundi watakwambia uvunje ile pini ndefu ya athi kwenye plagi, ni kweli mkoromo unaweza kuisha, ila siku hitilafu ikitokea ndani bodi ya chuma inakuwa na umeme na wewe ndo utakayeigusa. Ikishindikana kabisa nunua kisanduku cha transfoma cha kutenganisha, kinakaa katikati ya saundi kadi na monita, na athi yako inabaki ilipo.