SOMO: Kuamsha Citroën 2CV Sahara iliyolala muda mrefu

Habari wakuu, nipo Ufaransa, namsaidia mzee mmoja kutunza magari yake ya zamani na kati ya yote hii gari ndo naipenda kupita kiasi. Sahara ina injini mbili, moja mbele nyingine kwenye buti, kila moja cc 425, za kupozwa na upepo. Gari hizi zilianza kuuzwa 1960 zikilenga jangwa la Algeria na zilitengenezwa 694 tu, kwa hiyo fanya taratibu.

Hatua ya 1: Oili. Hesabu una magari mawili. Mimi mara ya kwanza nilipima ya mbele nikafunga boneti, mzee akanishika mkono akanipeleka nyuma bila kusema neno, akafungua buti.

Hatua ya 2: Petroli. Tenki ni mbili, ziko chini ya viti vya mbele, mdomo wa kujazia umetokeza kwenye tundu la mlango. Petroli iliyokaa sana inanuka kama vanishi, toa yote pande zote mbili usimwagie mpya juu yake afu ukategemea kabureta zitasalimika.

Hatua ya 3: Mulika tochi kwenye njia za upepo. Panya wanapenda kujenga humo, na injini haina rediata, upepo ukiziba inaungua.

Hatua ya 4: Toa plagi, dondoshea oili kidogo kila silinda, zungusha kwanza bila kuwasha.

Hatua ya 5: Gia iwe free. Swichi ni mbili, washa ya mbele, isikilize mpaka itulie kabisa ndo uwashe ya nyuma, ukiziwasha pamoja hutajua ipi inakohoa.

MASWALI

Mdau: Mkuu kuna propela shafti katikati?
Jibu: Hakuna. Ya mbele inavuta mataili ya mbele, ya nyuma inasukuma ya nyuma, ila pedali ya klachi ni moja na mkono wa gia ni mmoja.

Mdau: Naweza kutembelea injini moja?
Jibu: Ndio, ndo uzuri wake jangwani, moja ikifa nyingine inakutoa.

Mdau: Nikiuziwa nitajuaje ni Sahara kweli?
Jibu: Spea taili juu ya boneti isikudanganye, hiyo mtu anafunga mwenyewe. Angalia matundu ya petroli milangoni na gia iwe sakafuni, 2CV ya kawaida gia iko kwenye dashibodi. Afu fungua buti.