Nairobi hadi New York kwa ndege: piga mwenyewe hesabu ya umbali na muda

Mfano wetu ni uwanja wa Jomo Kenyatta (NBO) na ule wa John F. Kennedy (JFK), safari ambayo Kenya Airways ilianza kuifanya moja kwa moja Oktoba 2018. Viwanja vingine hesabu ni hiyohiyo.

Hatua ya 1: Latitudo na longitudo

Ziandike kwa desimali. NBO: -1.319 na 36.928. JFK: 40.640 na -73.779. Kusini na magharibi ni hasi. Ukisahau alama ya hasi kwenye 73.779 utapata kama kilomita 5,970, na JFK yako itakuwa imehamia Asia ya Kati.

Hatua ya 2: Umbali

Kwenye Excel weka latitudo A1 na A2, longitudo B1 na B2, kisha:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A1))*SIN(RADIANS(A2))+COS(RADIANS(A1))*COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(B2-B1)))

Jibu ni kama kilomita 11,840. Gawa kwa 1.852 upate maili za baharini, kama 6,390. Rula juu ya ramani ya ukutani iache kabisa; ramani bapa huzivuta nchi za kaskazini zikaonekana kubwa na mbali kuliko zilivyo.

Hatua ya 3: Muda wa angani

Boeing 787 huenda kama kilomita 900 kwa saa. 11,840 ÷ 900 ni saa 13 na dakika 10. Ongeza dakika 40 za kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka. Kwenda magharibi toa kilomita 50 kwenye mwendo, kwa sababu juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mkali huvuma kutoka magharibi: unapata kama saa 14 na nusu. Tiketi itaonyesha zaidi kidogo, maana ndege haifuati mstari ulionyooka, na shirika hujiwekea akiba ya dakika.

Hatua ya 4: Saa za tiketi

Hapa ndipo wengi hupotea. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika, kwa hiyo usitoe moja kwa moja. Badili zote ziwe UTC kwanza, yaani saa moja ya kimataifa ambayo saa za kila mji hupimwa kwayo. Hizi kanuni za kichwani za "ongeza nane, toa saba" mimi siziamini. Ukigeuza safari, zinageuka nawe.

Tuseme unaondoka Nairobi 23:55 na kufika New York 06:55 kesho yake, mwezi Januari. Nairobi toa 3: 20:55 UTC. New York ongeza 5: 11:55 UTC. Safari ni saa 15.

Saa zizo hizo mwezi Julai zinatoa saa 14, kwa kuwa Marekani husogeza saa mbele kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na wakati huo New York unaongeza 4. Nairobi haibadiliki mwaka mzima. Kwa hiyo ukiona ratiba imeruka saa nzima mwezi Machi, usidhani ndege imepata kasi au imepunguza. Angalia kwanza tarehe.

Ukimpigia simu mtu wa kukupokea, mwambie asubuhi au usiku. 06:55 ni saa moja kasoro dakika tano asubuhi, lakini akisikia "saa sita na dakika hamsini na tano" atakuja mchana.

Na tiketi ya 00:15 tarehe 10 inakutaka uwanjani usiku wa tarehe 9.